Vifurushi Vinakwenda Wapi

Katika karakana moja ya kuchapa vitabu vya wasioona, alikuwapo msahihishaji ambaye jina lake halisi lilibaki kwenye majalada ya ofisi tu. Wenzake wote walimwita Bi Kwanini, naye aliitika bila kinyongo, maana alijua amelitafuta mwenyewe. Ukimwambia karatasi zimechelewa, atataka kujua zimechelewea wapi. Ukimjibu kwamba ziko njiani, atauliza njia ipi.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mnene kidogo, mcheshi, na hakuwa akiona tangu surua ilipomchukulia macho akiwa na miaka tisa. Vidole vyake vilikuwa na sifa kubwa. Kitabu cha kurasa mia tatu kikipita mikononi mwake, kosa lililosalia humo lilikuwa limejificha kweli kweli.

Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbao. Katika chumba cha nyuma zilikaa mashine mbili za kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, na zikianza kazi utadhani mvua ya mawe inapiga bati. Chumba cha mbele kilikuwa na kompyuta nane zenye namba, zote za Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu fundi wa kwanza wa karakana aliipenda Linux na baada yake hakuna aliyetaka kujifunza upya. Mtandao uliingia kwa kidude kimoja kilichowekwa dirishani, na ulikuwa wa kusuasua.

Bi Kwanini alikalia kompyuta namba tatu. Kama zile nyingine, ilikuwa na programu ya kumsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini na kila herufi iliyobonyezwa. Sauti hiyo ilikuwa ya kiume na ya puani, kama ya mtu mwenye mafua yasiyopona, kwa hiyo ofisi nzima iliiita Bwana Pua.

Jumanne moja asubuhi alikuja Mama Pacha. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta wa kuzunguka, mama wa watoto wawili wa kike waliozaliwa siku moja, na alihudumia ofisi nyingi za mji. Hapo karakanani alifika Jumanne na Ijumaa. Siku hiyo alileta habari kwamba imetoka programu mpya ya kugeuza maandishi ya kawaida kuwa nukta nundu, na kwamba ingefaa iwekwe kwenye kompyuta zote nane kabla ya kazi ya kitabu cha sayansi cha shule ya wasioona.

"Dada, nisomee neno la siri," alisema akivuta kiti.

Hilo lilikuwa jambo la kuchekesha kila wiki. Fundi wa zamani, aliyeitwa Mzee Waya, alikuwa ameandika neno la siri la mashine zote kwa nukta nundu kwenye kipande cha karatasi ngumu, akakibandika chini ya meza namba tatu. Alisema mwizi mwenye macho hawezi kulisoma hata akae nalo mwaka mzima. Basi Mama Pacha, mwenye macho yake mawili mazima, alilazimika kuomba asomewe na asiyeona.

Bi Kwanini alipitisha kidole chini ya meza akamnong'oneza. Mama Pacha akaandika amri, na kompyuta namba moja ikaanza kupakua.

Programu za Linux huja katika vifurushi. Ipo programu moja, meneja wa vifurushi, ambayo ukiiamuru huenda kwenye hifadhi ya mbali mtandaoni, ikaleta vifurushi unavyovitaka, ikavifungua na kuvisakinisha mahali pake. Kazi hii, pamoja na kamusi na sauti zake, ilikuwa ya megabaiti mia tatu na kumi na mbili. Ilianza saa mbili na nusu asubuhi. Ilipofika saa sita kasoro ndipo namba moja ilipomaliza, na Mama Pacha akahamia namba mbili, akaandika amri ile ile.

Bi Kwanini aliinua uso kutoka kwenye kurasa zake.

"Unapakua tena?"

"Napakua ya hii."

"Si ndiyo ile ile?"

"Ndiyo ile ile, dada. Lakini kila kompyuta inapakua yake."

"Na ile ya namba moja iliyokwisha kuletwa? Vile vifurushi vyenyewe, baada ya kusakinishwa, vinakwenda wapi?"

Vidole vya Mama Pacha vilisimama juu ya kibodi. Kusita huko Bi Kwanini alikujua vizuri. Ni kusita kwa mtu aliyeulizwa njia ya mtaa anaopita kila siku, akagundua hajui jina lake.

"Nadhani vinafutwa," alisema hatimaye.

"Unadhani?"

"Dada yangu, nina mashine sita za kufanya na sijanywa hata chai."

Namba mbili ilimaliza saa tisa alasiri. Mama Pacha alifunga begi lake, akaahidi kuendelea Ijumaa, akaenda zake. Swali akaliacha pale pale lilipokuwa.

Kesho yake Bi Kwanini alifika mapema kuliko wote isipokuwa mfagiaji. Alihamia namba moja, akawasha Bwana Pua, akaanza kutafuta. Mzee Waya alipata kumwambia, miaka mingi iliyopita, kwamba kila kompyuta ina ghala lake ambamo vifurushi hukaa baada ya kuletwa. Alikumbuka hata folda. Akaifikia na kuamuru Bwana Pua asome vilivyomo.

Bwana Pua alisoma vitu viwili tu: faili dogo la kufuli, linalozuia watu wawili wasiingie ghalani kwa pamoja, na folda ya vitu vilivyopakuliwa nusu. Akafungua hiyo folda. Ndani hamkuwa na kitu.

Akahamia namba mbili. Hali ile ile.

Akampigia simu Mzee Waya, ambaye siku hizi alikuwa amestaafu na alifuga nyuki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sauti hiyo naijua. Umekuja na swali."

Alimweleza. Mzee Waya akacheka kwa dharau ya upole.

"Vinafutwa? Nani kasema? Miaka kumi na moja nimefanya kazi hapo. Nilikuwa nikipakua kwenye mashine moja, nachukua vifurushi kutoka ghalani, natia kwenye flashi, nagawia nyingine. Havifutwi mpaka uvifute mwenyewe."

"Mzee, nimetoka ghalani sasa hivi. Hamna kitu."

"Basi kuna mtu anafagia."

Bi Kwanini alikata simu akamgeukia mfagiaji, aliyekuwa akipangusa vumbi dirishani.

"Wewe unafagia kompyuta?"

"Mimi?" Mfagiaji alisimama na kitambaa mkononi. "Mimi nafagia sakafu, mama. Hizo hata kuzipangusa naogopa."

Mtu mwingine angeliachia hapo. Bi Kwanini alikuwa na watu wawili wanaoijua kazi yao, mmoja anaapa vinabaki, mwingine anadhani vinafutwa, na ghala tupu linalomuunga mkono yule asiye na uhakika. Alirudi kwenye kurasa zake, lakini mara tatu alijikuta amefika mwisho wa mstari bila kujua amesoma nini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Nyumbani jioni ile alimsimulia mumewe, mshonaji, wakiwa barazani kabla jua halijazama. Mumewe alisikiliza huku akifumua mshono wa suruali.

"Sasa ukishajua vinakwenda wapi, utafanya nini?"

"Sijui. Nijue kwanza."

Mama mkwe wake, aliyekuwa ndani akipanga makopo matupu aliyokataa yasitupwe, alidakia kutoka mlangoni: "Mwache mwanamke wa watu. Anayeuliza kitu kimekwenda wapi ni mtu mwenye akili. Katika nyumba hii vitu vyangu vinapotea na hakuna anayeuliza."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka ule mkwe na mama mkwe kuwa upande mmoja. Mshonaji aliinamia suruali yake asionekane anavyocheka.

Alhamisi Bi Kwanini alimpigia tena Mzee Waya.

"Mzee, ile amri uliyokuwa unaandika, nitajie herufi moja moja."

"Ya nini? Fundi wenu haijui?"

"Nitajie tu."

Mzee Waya akamtajia: a, p, t, kistari, g, e, t. Kisha nafasi, kisha neno la kusakinisha, kisha jina la programu.

Hapo Bi Kwanini alinyanyua kidole kana kwamba mzee alikuwa mbele yake. Jumanne alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa Mama Pacha, na Bwana Pua kwenye namba moja alikuwa akitaja kila herufi iliyobonyezwa. A, p, t, nafasi. Hapakuwa na kistari. Hapakuwa na ile get. Alikuwa na hakika kama alivyokuwa na hakika ya jina la mama yake.

"Mzee, yeye haandiki hivyo. Anaandika apt peke yake."

"Aa, hiyo ni amri mpya. Ya vijana. Ni fupi na ina mapambo. Lakini kazi yao moja."

"Una hakika kazi yao moja?"

 Nyuki wakasikika nyuma ya Mzee Waya.

"Nilidhani," alisema.

Mchana huo, wenzake walipokwenda kula, Bi Kwanini alipapasa neno la siri chini ya meza, akafungua madirisha mawili kwenye namba tatu. Katika dirisha la kwanza aliandika amri mpya ya kusakinisha kikokotoo kidogo ambacho hakuna aliyekihitaji. Kilikuwa na vifurushi vitano. Kisha akarukia dirisha la pili, akawa anaamuru ghala lisomwe, tena na tena.

Mara ya kwanza, faili la kufuli na folda tupu. Mara ya pili, kifurushi kimoja. Alishika ukingo wa meza. Mara ya nne vilikuwa vitatu, Bwana Pua akiyataja majina yake marefu yenye namba nyingi kwa sauti ile ile ya mafua, kama karani aitaye wagonjwa. Vikawa vinne. Vikawa vitano. Vilikuwapo! Vimefika ghalani kama Mzee Waya alivyoapa. Akaamuru tena, vitano. Tena, vitano. Dirisha la kwanza likatangaza kwamba usakinishaji umekwisha. Akaamuru mara ya mwisho.

Faili la kufuli. Folda tupu.

Bi Kwanini aliegemea kiti. Alikuwa amesikia kwa masikio yake vitu vikija na vikitoweka, na hapakuwa na mwizi wala mfagiaji. Ni amri yenyewe iliyoleta, ikatumia, na ikajifagilia nyuma yake kimya kimya.

Alikiondoa kikokotoo, akarudia kwa amri ya Mzee Waya, yenye kistari. Vifurushi vikaja vitano na vikabaki vitano. Alisubiri, akauliza tena. Vitano. Akatoka kwenda kunywa maji, akarudi, akauliza. Vitano vilikuwa palepale.

Sasa alitaka kujua kama ni hivyo kwa programu kubwa pia. Hapo ndipo alipoteleza. Alianza kupakua kitu kizito, na kidude cha dirishani kikaelemewa. Mlango wa ofisi ndogo ulifunguka kwa kishindo.

"Nani anakula mtandao?" Alikuwa meneja wa karakana, mtu mpole kwa kawaida, lakini wakati huo alikuwa katikati ya mazungumzo ya video na mwalimu mkuu wa shule ya wasioona. "Mwalimu mkuu ameganda mdomo wazi!"

"Ni mimi," alisema Bi Kwanini. Hakuzoea kusingizia.

"Unafanya nini?"

"Natafuta vifurushi vinakokwenda."

Meneja alishusha pumzi ndefu. "Bi Kwanini. Kitabu cha sayansi kinangoja. Kazi yako ni kusahihisha. Mashine mwachie fundi."

Alisimamisha upakuaji, akaomba radhi. Maneno yale yalimwingia, maana yalikuwa ya haki. Alikuwa amechelewesha kurasa ishirini kwa ajili ya swali ambalo hakuna aliyemtuma kuliuliza. Alasiri yote alisahihisha bila kuinua uso, na kabla ya kuondoka alikuwa amelipa zile ishirini na kuzidisha sita.

Ijumaa Mama Pacha alipoingia hakupewa hata nafasi ya kuvua kofia ya pikipiki.

"Vinafutwa," Bi Kwanini alimwambia. "Ulisema kweli. Lakini Mzee Waya naye alisema kweli." Akamweleza yote: kistari, madirisha mawili, vitano vilivyokuja na kutoweka.

Mama Pacha alikaa chini taratibu. "Miaka saba naandika hiyo amri," alisema. "Miaka saba! Nami najiita fundi."

"Mdogo wangu, usijione. Mimi nilikuwa na nafasi ya kukaa nasikiliza."

"Sasa kwa nini inafuta?"

"Hilo ndilo nilikuwa nakungoja tulitafute."

Walilitafuta pamoja katika maelezo yanayokuja na programu yenyewe. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, na Bwana Pua aliyasoma kwa lafudhi ambayo hakuna nchi ingeikubali, Mama Pacha akifasiri. Katika habari za mabadiliko ya zamani walikuta aya iliyosema wazi kwamba amri mpya huviondoa vifurushi ikishamaliza kuvisakinisha. Sababu Mama Pacha aliiona upesi: kwa watu wengi vifurushi hivyo havina kazi tena, vinajaza diski bure. Na chini yake paliandikwa kwamba asiyetaka hivyo anaweza kubadilisha, na mstari wa kubadilishia ulikuwapo.

"Ala!" Bi Kwanini alipiga paja. "Kumbe jibu lilikuwa humu humu ndani ya mashine siku zote."

Walikwenda kwenye folda ya mipangilio ya meneja wa vifurushi, wakatengeneza faili jipya. Bi Kwanini alitaka liitwe tunza, na Mama Pacha akalitangulizia namba, 99, ili lisomwe la mwisho. Akaandika mstari kwa haraka, akahifadhi. Wakasakinisha kitu kidogo kwa amri mpya, wakaenda ghalani.

Folda tupu.

"Haikukubali," alisema Mama Pacha.

"Nisomee ulichoandika. Ngoja, acha nisome mwenyewe." Alimwamuru Bwana Pua ataje kila alama, kisha ataje hivyo hivyo mstari ulio kwenye maelezo. Akasikiliza yote mawili, akatabasamu. "Umeacha maneno mawili ya mwanzo."

"Yale? Nilidhani ni madoido."

"Wewe na Mzee Waya mna ugonjwa mmoja wa kudhani. Sikiliza. Ulivyoandika wewe ni agizo kwa wote. Lakini hii amri mpya ina agizo lake binafsi, na la kwake linashinda la wote. Lazima uitaje kwa jina."

Mama Pacha akaandika upya, safari hii Bi Kwanini akimwitia alama moja moja:

Binary::apt::APT::Keep-Downloaded-Packages "true";

"Nukta pacha, nukta pacha, nukta pacha," Mama Pacha alinung'unika. "Nyumbani pacha, kazini pacha."

"Na nukta mkato mwishoni. Usiisahau, bila hiyo hatutafika."

Wakahifadhi. Wakaondoa kile kitu kidogo, wakakisakinisha tena kwa ile amri fupi, wakaenda ghalani, na Bwana Pua akasoma: kifurushi kimoja, viwili, vitatu. Waliuliza mara ya pili kwa kutokuamini. Vitatu. Mama Pacha alicheka kwa sauti mpaka meneja akachungulia.

"Kuna nini tena?"

"Njoo uone, bosi," alisema Mama Pacha. "Leo nisakinishe namba tatu, kisha nikuonyeshe namba nne."

Namba tatu ilichukua asubuhi nzima, kama wenzake. Ila safari hii vifurushi vyote vilibaki ghalani. Mama Pacha alivinakili kwenye flashi, akavipeleka kwenye ghala la namba nne, akaandika amri. Kabla ya kuanza, meneja wa vifurushi hutaja kiasi anachohitaji kukileta kutoka mtandaoni. Wote wakasogelea meza, na Bwana Pua akasema kwa sauti ya puani: sifuri, kati ya megabaiti mia tatu na kumi na mbili.

"Sifuri?" aliuliza meneja.

"Sifuri," alisema Bi Kwanini. "Unaweza kumpigia mwalimu mkuu sasa. Hataganda."

Namba nne ilichukua dakika sita. Tano, sita, saba na nane zilimalizika kabla ya saa tisa. Meneja alizunguka chumba akisikiliza mashine, akarudi kwenye meza namba tatu, akasimama hapo kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Jana nilikwambia mashine umwachie fundi."

"Ulisema kweli. Nilikuwa nimeacha kazi."

"Nilisema kweli nusu," alisema meneja. Kisha akamwomba, badala ya kumwagiza, kila Jumatatu atenge saa moja ya kuangalia ghala na kumwandikia Mama Pacha aliyoyakuta. Bi Kwanini alikubali kabla hajamaliza sentensi.

Kitabu cha sayansi kikaanza kupita mashine za nyuma. Juzuu la kwanza likatoka salama. Wiki ya tatu, Mama Pacha alisasisha programu kama kawaida, likaja toleo jipya zaidi la ile ya nukta nundu, akaliweka kwenye zote. Asubuhi ya pili yake Bi Kwanini aliletewa kurasa za kwanza za juzuu la pili, sura ya wanyama wanaonyonyesha. Kidole chake kikapita juu ya neno ng'ombe, kikarudi nyuma, kikapita tena.

Katika nukta nundu, ile ritifaa ya ng' ni nukta moja ndogo, peke yake, chini upande wa kushoto. Haikuwapo. Mwandishi aliandika ng'ombe, karatasi ilisema ngombe. Akatafuta ng'oa jino, akakuta ngoa. Ng'ambo ya mto, ngambo. Katika kurasa kumi na mbili hapakuwa na ritifaa hata moja.

Hakupiga kelele. Kwanza alimwomba meneja asimamishe mashine za nyuma. Kisha akalifungua faili la mwandishi, akahakikisha humo ritifaa zilikuwapo. Kwa hiyo zilipotea njiani, kwenye kugeuzwa. Juzuu la kwanza lilikuwa nazo zote. Kati ya majuzuu hayo mawili kilichobadilika ni kimoja tu.

Alimpigia Mama Pacha, aliyekuwa ofisi nyingine upande wa pili wa mji.

"Turudishe toleo la wiki zilizopita," alisema Mama Pacha. "Ngoja niangalie kwenye hifadhi ya mtandaoni." Vidole vyake vikasikika vikigonga. Kisha akaguna. "Dada, hawanalo tena. Wameweka hili jipya tu, la zamani wameliondoa."

"Sisi tunalo," alisema Bi Kwanini.

"Mnalo wapi?"

"Ghalani. Jumatatu nililisikia. Sasa yatakuwa mawili, la zamani na jipya, yamekaa jirani."

Mama Pacha alimwelekeza kwa simu, naye akapapasa neno la siri, akaandika mwenyewe. Kila herufi aliisikiliza mara mbili, kwa sababu mara zote alizowahi kuandika amri za aina hiyo ilikuwa kwa kikokotoo kisicho na maana, na leo kulikuwa na darasa la watoto likingoja. Meneja wa vifurushi akamwonya kwamba anarudi nyuma, akamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo. Alipomaliza aligeuza ukurasa mmoja tu kuwa nukta nundu, akaupeleka mashine ya nyuma, akausubiri pale pale mlangoni katikati ya kelele. Karatasi ikatoka bado ina joto. Akaisoma amesimama.

"Ng'ombe," alisema kwa sauti, na meneja, mfagiaji na wachapaji wawili wakapiga makofi kama waliotangaziwa kwamba mtoto amezaliwa.

Kabla ya saa nane kompyuta zote zilikuwa zimerudi kwenye toleo la zamani. Kurasa mbovu zikaenda kwenye sanduku la karatasi taka, na juzuu la pili likachelewa siku moja badala ya mwezi.

Ila kwake yeye jambo halikuishia hapo. Kwa nini ritifaa na si alama nyingine? Aliwaandikia watengenezaji wa programu, kwa msaada wa Mama Pacha aliyeifasiri barua, akaeleza alichokuta. Hakutegemea jibu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kama mmoja wa wanaoitunza programu hiyo kwa kujitolea. Aliomba radhi. Alisema walibadilisha kanuni ya alama za kunukuu kwa ajili ya lugha nyingine, na hakuna kati yao aliyejua kwamba katika Kiswahili alama ile ni sehemu ya herufi. Je, angeweza kuwapatia orodha ya maneno, ili kila toleo kabla ya kutoka lipimwe kwayo?

Bi Kwanini alimwomba Bwana Pua airudie barua ile mara mbili. Halafu alivuta kibodi karibu, akafikiri, akaanza kuandika: ng'aa, ng'amua, ng'ang'ana, ng'ata. Mfagiaji alipopita akamsikia akiyatamka, akasimama na ufagio wake.

"Unatafuta nini leo, mama?"

"Maneno yenye ng'. Unalo lolote?"

Mfagiaji akafikiri, amekunja uso. "King'ora," alisema. Kisha akauegemeza ufagio ukutani, akavuta kiti.

"Na kung'uta," aliongeza akikaa. "Umeiandika hiyo?"